Akimaliza Kifungo, Nani Atamfuata? Maoni ya Avoka wa Lubumbashi

Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kingono ina haraka. Inataka uchunguzi wa awali umalizike ndani ya mwezi 1, inataka kesi isikilizwe na hukumu itolewe ndani ya miezi 3, na inakataza mashtaka ya namna hiyo yazimwe kwa faini ya kumalizana na parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Kila anayefanya kazi katika mahakama za Lubumbashi anajua kwamba muda huo hauheshimiwi mara nyingi, lakini angalau umeandikwa, na mtu anaweza kusimama mbele ya hakimu akaudai. Kuhusu siku zinazofuata hukumu, siku ambazo mfungwa anatoka na kurudi katika avenyu ileile alikokamatwa, sheria hiyo haisemi kitu.

Mimi ni avoka, yaani wakili, na sehemu kubwa ya faili zangu ni za familia zinazodai haki kwa ajili ya watoto waliobakwa. Nimezoea kuona kwamba siku ya hukumu ndugu hupiga vigelegele wakisikia idadi ya miaka, ilhali mama wa mtoto hukaa kimya, kwa sababu yeye ameshaanza kupiga hesabu. Mama mmoja wa komini ya Katuba, sehemu mojawapo ya mji wetu, alinipigia simu miaka kadhaa baada ya kesi yake kumalizika, akaniambia kwa sauti ya mtu asiyetaka majirani wasikie: “Maître, ule muntu alisharudia. Tutafanya namna gani?” Mtu huyo alikuwa amerudi mtaani, na hakuwa ametoroka. Karatasi yake ya kuachiliwa ilikuwa halali na ilikuwa na muhuri, na kwa jinsi sheria ilivyo hakukuwa na ofisi yoyote yenye wajibu wa kumwarifu mama huyo mapema, wala ya kumwambia aliyeachiliwa apange nyumba mbali na shule ya mtoto. Nilimjibu kwamba ikiwa hajamtisha mtu wala kumkaribia mtoto, hakuna la kushtaki. Kisheria jibu hilo lilikuwa sahihi, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Hesabu ya mama huyo si ngumu. Ubakaji unaadhibiwa kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20. Kanuni yetu ya adhabu, ambayo msingi wake ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inaruhusu mfungwa aachiliwe kwa masharti akishatumikia robo ya adhabu yake, mradi awe amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Hata aliyefungwa maisha anaweza kufikiriwa akishapita miaka 5. Kwa hiyo aliyepewa miaka 20, adhabu ambayo redio za mji zitaitangaza kuwa kali, anaweza kutoka baada ya miaka 5, na mtoto aliyetendewa akiwa na umri wa miaka 9 atakuwa na miaka 14, akiwa bado mwanafunzi anayepita njia ileile kila asubuhi.

Sisemi kwamba kuachiliwa kwa masharti ni kubaya. Gereza la Kasapa, la hapa Lubumbashi, lilijengwa kwa ajili ya watu 800 hivi, na wakati wa fujo za Septemba 2020 lilikuwa na takriban 2000. Tunakumbuka kwamba kwa siku kadhaa wanawake waliofungwa humo walibakwa na wafungwa wenzao huku mamlaka yakiwa yamepoteza udhibiti. Mahali kama hapo hapamrekebishi mtu, na kumweka humo muda mrefu zaidi hakumpunguzii jirani yake hatari. Ninacholalamikia ni kitu kingine: kwamba masharti yanayoandikwa hayana wa kuyafuatilia, na kwamba yule aliyekuwa mkorofi kiasi cha kunyimwa kuachiliwa mapema, akamaliza adhabu yake hadi siku ya mwisho, ndiye anayetoka bila sharti hata moja. Yaani yule tunayemwogopa zaidi ndiye anayefunguliwa mlango na kuambiwa kwaheri.

Nchi nyingine ziliona pengo hilo zikalijaza kwa namna zao. New Zealand tangu 2004 inaruhusu mahakama kutoa amri ya uangalizi wa hadi miaka 10 baada ya adhabu. Nchini Australia, jimbo la New South Wales lina sheria ya 2006 inayoruhusu amri ya hadi miaka 5, inayoweza kuombwa upya, ikiwa Mahakama Kuu itaridhika kwa kiwango cha juu kwamba bila uangalizi mtu huyo ni hatari isiyovumilika. Jimbo la Victoria huenda hadi miaka 15. Utaratibu wake unafanana kila mahali: serikali hupeleka ombi kabla adhabu haijaisha, wataalamu wa akili humchunguza mhusika na kuandika ripoti, mhusika huwa na wakili wake, na hakimu akikubali huorodhesha masharti, kama vile mahali pa kulala, saa za kuwa nyumbani, watu asiowakaribia, pombe, matibabu, mara nyingi pia kifaa cha mguuni kinachoonyesha alipo. Akiyavunja, kuvunja kwenyewe ni kosa.

Lakini mfano unaotuhusu sisi ni wa Ubelgiji, kwa sababu sheria yetu ya jinai ilizaliwa huko. Mwaka 1888 Wabelgiji walipitisha sheria ya kuachiliwa kwa masharti, na mwaka 1930 wakaongeza utaratibu wa kumweka mhalifu sugu mikononi mwa serikali kwa miaka kadhaa baada ya adhabu yake, ambapo waziri ndiye aliyeamua kama mtu huyo aishi nje au arudishwe ndani. Kisha likaja jina la Marc Dutroux. Alihukumiwa mwaka 1989 kifungo cha zaidi ya miaka 13 kwa kuteka na kubaka wasichana, akaachiliwa kwa masharti mwaka 1992, na mwaka 1996 ikafichuka kwamba alikuwa ameteka wengine na kwamba baadhi yao walikuwa wamekufa. Hasira ya wananchi ingeweza kuishia kwenye kuongeza miaka ya vifungo tu. Badala yake, pamoja na mambo mengine, walibadilisha anayeamua. Tangu Februari 2007 wana mahakama za utekelezaji wa adhabu, ambazo hakimu wake hukaa pamoja na wasaidizi wawili, mmoja mjuzi wa mambo ya magereza na mwingine mjuzi wa kumrudisha mtu katika jamii. Na sheria ya tarehe 26 Aprili 2007 ikautoa ule uangalizi wa baada ya adhabu mikononi mwa waziri, ikaupeleka kwenye mahakama hizo, kwa muda wa miaka 5 hadi 15 ambao hakimu wa kesi yenyewe huutaja siku ya hukumu. Mwathiriwa ana haki ya kuarifiwa na ya kusikilizwa juu ya masharti yanayomlinda.

Nimekaa sana kwenye jambo hilo kwa sababu mrithi mwingine wa utaratibu uleule wa kale ni sisi. Fungua kanuni ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 5, kinachoorodhesha adhabu: kifo, kazi ya kulazimishwa, kifungo, faini, kunyang'anywa mali, na kisha, chini kabisa ambako macho ya wengi hayafiki, wajibu wa kukaa mbali na mahali fulani au eneo fulani, kulazimishwa kuishi mahali fulani, na kuwekwa chini ya uangalizi wa serikali. Hatua hizo tatu zipo. Hazikufutwa. Vijana wanaosomea sheria huzikariri kwa ajili ya mtihani, na katika miaka yangu yote ya kazi sijasikia hakimu akimpa mbakaji yoyote kati ya hizo.

Kabla sijaendelea lazima niseme kwa nini mtu wa Lubumbashi ana sababu ya kuogopa maneno “uangalizi wa serikali”. Simon Kimbangu alihukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi tarehe 3 Oktoba 1921 kwa sababu ya mahubiri yake, mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha, na nabii akaletwa katika mji huu, ukiitwa wakati huo Élisabethville, akakaa kifungoni hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Yeye alau alipelekwa mbele ya kitu kilichoitwa mahakama. Maelfu ya wafuasi wake, na baadaye waumini wa dini ya Kitawala waliokuwa wengi huku Katanga, walihamishwa na kufungiwa mbali na kwao kwa uamuzi wa utawala tu, kwa nguvu ya dekreti ya mwaka 1910, bila hakimu na bila tarehe ya kurudi. Katika miaka ya 1940 wakoloni walifungua hata kambi za kilimo kwa ajili ya waliohamishwa wanaoitwa “wa hatari”, kama ile ya Ekafera kule Équateur. Hatari yao ilikuwa nini? Walisali vibaya, kwa maoni ya msimamizi wa wilaya. Ukimpa mtawala neno “hatari” bila kumwekea hakimu juu yake, atalitumia kwa yeyote anayemkera.

Uhuru haujaitibu tabia hiyo. Mfano wake tumeuona kwa macho hapa mjini, kwa mtu ambaye hakuna aliyebisha kwamba ni wa hatari. Gédéon Kyungu Mutanga, kiongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai, alijisalimisha mwaka 2006, na Machi 2009 mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo baada ya kesi iliyosikilizwa Kipushi. Septemba 2011 watu wenye silaha walishambulia Kasapa, akatoroka pamoja na mamia ya wafungwa. Oktoba 2016 akajisalimisha tena, safari hii Malemba-Nkulu, akapokelewa na wakubwa kwa sherehe, kisha akawekwa katika nyumba hapa Lubumbashi akiwa na walinzi. Alikuwa mfungwa au mgeni? Nani angemjibu mjane wa Mitwaba, eneo lililoumizwa na wapiganaji wake, aliyetaka kujua masharti ya makao yale? Hukumu haikuwa imetekelezwa wala kufutwa, na ulinzi ule ulitegemea makubaliano ya kisiasa ambayo wananchi hawakuyasoma. Tarehe 28 Machi 2020 wapiganaji wake waliingia mjini, watu wakafa, na yeye akatoweka. Huo nao ulikuwa uangalizi, ila hakukuwa na hakimu ambaye mtu angemwendea.

Hata kesi za kimataifa zinatuonyesha ugumu uleule. Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, alimaliza adhabu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague tarehe 18 Januari 2016, akiwa Kinshasa, na hakutoka, kwa sababu serikali ilimfungulia faili jipya mbele ya mahakama ya kijeshi. Thomas Lubanga, naye kiongozi wa wanamgambo wa Ituri aliyehukumiwa na mahakama hiyo, alimaliza miaka yake 14 akatoka Machi 2020, na mwaka 2025 akatangaza vuguvugu jipya lenye silaha. Mmoja alizuiwa bila kusemwa wazi kwamba anazuiwa kwa sababu ya hatari. Mwingine aliachwa aende. Sheria nzuri ingelitaja jambo hilo kwa jina lake na kuweka mezani ushahidi wake.

Wenzangu wa upande wa utetezi wana pingamizi moja zito, nami siwezi kulipita haraka: aliyelipa deni hadaiwi tena. Kama adhabu ni miaka 10 na ameitumikia, uangalizi unaoongezwa baadaye una jina gani zaidi ya adhabu ya pili? Mahakama za dunia zimelichukua swali hilo kwa uzito. Jimbo la Queensland, Australia, lilipitisha sheria Juni 2003 wakati Robert Fardon akikaribia kumaliza miaka 14 ya kifungo cha ubakaji, likamzuia gerezani kwa sheria hiyo. Mahakama ya juu ya nchi ikaikubali mwaka 2004, lakini mwaka 2010 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema kwamba haki yake ya uhuru ilikuwa imevunjwa. Desemba 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliiambia Ujerumani jambo linalofanana na hilo katika kesi ya mtu anayetajwa kwa herufi M. tu: wakati alipofanya kosa, kuzuiliwa baada ya adhabu hakukuweza kupita miaka 10, kisha kikomo kikaondolewa yeye akiwa ndani, na kumwongezea kwa njia hiyo kulikuwa kumwadhibu kwa sheria iliyokuja baada ya kosa lake.

Naona pingamizi hilo linashinda pale mtu anapobaki gerezani, na pale sheria mpya inapomkuta ameshahukumiwa. Halishindi pale ambapo hakimu alisema siku ya hukumu, mbele ya mshtakiwa na wakili wake, kwamba baada ya kifungo kutakuwa na miaka fulani ya kukaa mbali na komini fulani na ya kujiandikisha kila mwezi. Hapo hakuna deni jipya. Kifungu cha 30 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya kwenda na kukaa anapotaka kwa masharti ya sheria, kwa hiyo kizuizi lazima kiwe kidogo, kiwe na mwisho, na kiweze kuangaliwa upya. Lakini hakiwi haramu kwa kuwa tu mlango wa gereza umefunguliwa.

Ugumu wa kweli ni kujua nani ni wa hatari. Wataalamu wa Canada na Uingereza walitengeneza kipimo kiitwacho Static-99, kinachohesabu mambo kama umri, hukumu za zamani, na kama mwathiriwa alikuwa ndugu au mtu baki, kisha kumweka mhusika katika kundi. Kinapanga makundi, hakisomi moyo wa mtu mmoja. Utafiti mkubwa wa Karl Hanson na Monique Bussière wa mwaka 1998, uliokusanya tafiti 61, ulikuta kwamba katika miaka 4 hadi 5 ya kufuatiliwa, asilimia 13.4 ya waliohukumiwa kwa makosa ya kingono walirudia kosa la aina hiyo. Idadi hiyo ni ndogo kuliko wengi wetu tunavyoamini, na ni sababu ya kutowafuata wote. Hata hivyo imetoka katika nchi ambako anayerudia kosa ana uwezekano wa kuandikwa mahali fulani. Hapa kwetu, ambako familia mbili humalizana kwa mbuzi, kreti za bia na bahasha, kinyume kabisa cha sheria ya 2006, mtu anaweza kuwa ametenda mara tatu na daftari likasema ni mara ya kwanza, na komini ikampa cheti cha mwenendo mwema bila kusema uongo wowote. Kipimo chochote cha kigeni kitakachomwagwa juu ya kumbukumbu kama hizo kitawapima vibaya maskini waliokamatwa na kuwasahau wenye pesa ya kumalizana.

Kwa hiyo sitaki tuanze na vifaa vya mguuni, ambavyo vinahitaji kuchajiwa kila siku katika kartie, yaani mitaa, zinazokaa wiki bila umeme. Ningeanza na kile kilichomo ndani ya kifungu cha 5, yaani marufuku ya kukaa mahali anapoishi na kusoma mtoto, na kuarifiwa kwa familia kabla mtu hajatoka. Kuarifu hakuhitaji mtambo: kunahitaji namba ya simu iliyoandikwa ndani ya faili na karani mwenye wajibu wa kupiga.

Watu wengi wananiambia kazi ya kumfuatilia apewe shefu wa avenyu, kwa kuwa yeye hujua mpangaji mpya kabla mizigo haijashushwa. Ni kweli anajua. Lakini nimeona vya kutosha kujua kwamba siri ya namna hiyo mikononi mwa mtu asiyelipwa mshahara itageuka haraka kuwa matabishi, yaani hongo, kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine kuwa tairi na petroli siku ambayo kartie itachafuka. Aliyeachiliwa akichomwa moto na umati, mtoto wa Katuba hajapata ulinzi wowote. Amepata jinamizi la pili. Ningependa shefu ajulishwe jambo moja tu, kwamba fulani haruhusiwi kuhamia hapo, na mengine yabaki kwa ofisi inayowajibika kwa mahakama. Pia lazima mtu huyo awe na pa kulala. Wabelgiji walijifunza hilo mwaka 2012, Michelle Martin, aliyekuwa mke wa Dutroux, alipoachiliwa kwa masharti na nyumba iliyokubali kumpokea ikawa ya watawa wa Malonne, huku watu wakiandamana nje. Makanisa yetu, ambayo hujaza ua wa gereza kwa maombi kila Jumapili, bado sijayasikia yakijitolea kwa kazi ya siku inayofuata.

Katika faili ninalolishughulikia sasa mimi ni wakili wa upande wa familia, na upande huo unaruhusiwa kudai fidia tu. Adhabu huombwa na mwendesha mashtaka. Basi nimemwandikia nikimsihi kwamba, pamoja na miaka ya kifungo, aombe marufuku ya kukaa katika komini ya mtoto, kwa muda wote ambao sheria inauruhusu. Karani aliyepokea barua aliisoma hadi mwisho, akaniuliza kama kweli adhabu hiyo bado ipo, akatoa kanuni ya adhabu kwenye saraka, akatafuta kifungu cha 5 mwenyewe, akakikuta, kisha akagonga muhuri wa mapokezi. Hakimu mmoja niliyemweleza habari hiyo kwenye baraza alikubali kwamba hakuna kinachomzuia kuitoa. Swali lake lilikuwa: amri ikivunjwa, nani atakuja kumwambia? Nilimjibu kwamba kwa sasa atakuwa ni yule mama, na kwamba itabidi ofisi yake impokee.